Neno la Mhariri: Nani Atamjibu Waziri?

Julai 18, 2011, nchi ikiwa katika mgawo mkali wa umeme, Wizara ya Nishati na Madini ilikuwa mbele ya Bunge hapa Dodoma ikiomba fedha, na siku hiyo haikuzipata. Mbunge wa Kilindi, marehemu Beatrice Shellukindo, alianika barua ya Katibu Mkuu wa wizara, David Jairo, iliyozitaka taasisi zilizo chini ya wizara zichange shilingi milioni 50 kila moja ili kufanikisha uwasilishaji wa bajeti. Ukumbi ulichafuka. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliomba jambo hilo liahirishwe, wizara ikapewa wiki tatu za kujipanga upya. Bajeti ilipita Agosti.

Shellukindo alikuwa mbunge wa CCM. Tunaanza naye kwa makusudi, maana toleo hili halijaandikwa kuwatukuza wapinzani wala kuwabeza wabunge wa chama tawala. Lakini wanaoikumbuka barua ile kwa kawaida husahau mtu mwingine aliyekuwamo ukumbini. John Mnyika, mbunge wa Ubungo, ndiye aliyekuwa waziri kivuli wa wizara hiyo, na kanuni zilikuwa zimempa nafasi ya kusoma maoni ya Kambi Rasmi ya Upinzani kabla wabunge wengine hawajaanza kuchangia. Bomu la barua lililipuka siku moja. Mnyika alikuwa na wizara ile kabla ya siku hiyo, akabaki nayo baada yake: bajeti iliporudishwa Agosti, mwaka uliofuata na mwaka uliofuata tena, akidai mikataba ya madini na gesi iwekwe wazi. Tunachotetea hapa ni huko kubaki na wizara moja, mwaka hadi mwaka.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kulifuatilia Bunge la Bajeti kwa karibu, utaratibu ulikuwa hivi. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni (mwaka 2011 ilikuwa hadi Agosti) wizara huingia moja baada ya nyingine. Waziri husoma hotuba ya makadirio, kisha mwenyekiti wa kamati ya kisekta husoma taarifa yake. Halafu alisimama Msemaji Mkuu wa Kambi Rasmi ya Upinzani kwa wizara hiyo, yaani waziri kivuli, na kusoma hotuba yake mwenyewe. Haikuwa dakika kumi za mchango wa kawaida wa mbunge. Ilikuwa hotuba kamili iliyochapwa na kugawiwa kwa wabunge na waandishi wa habari, ikaingia kwenye Hansard. Ukizisoma leo hotuba za miaka ile utaona mtindo unaojirudia: mwaka jana Serikali iliahidi hili, fedha zilizoidhinishwa ni kiasi hiki, zilizotolewa hadi Machi ni kiasi kile, Kambi inaitaka Serikali ilieleze Bunge ni kwa nini. Kwa msomaji anayetafuta maneno matamu, ni hotuba za kuchosha. Kwa waziri zilikuwa maswali ambayo alilazimika kuyatafutia majibu wakati wa kuhitimisha hoja, huku maofisa wake waliojazana nyuma wakimpelekea vikaratasi.

Kisha Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi. Katibu anasoma fungu na kifungu, Mwenyekiti anawahoji wabunge, na mbunge asiyeridhika na maelezo ya waziri hutishia kutoa shilingi kwenye mshahara wake. Ni shilingi moja tu, lakini nayo inahitaji hoja, wa kuiunga mkono, na jibu la waziri papo hapo. Mbunge yeyote anaweza kuishika. Tofauti ni kwamba mbunge wa kawaida mara nyingi huishika kwa ajili ya barabara au kituo cha afya cha jimboni kwake, akiahidiwa anairudisha. Waziri kivuli ilimbidi aitazame wizara nzima, kwa sababu wizara nzima ndiyo aliyokabidhiwa.

Uzito wa kukabidhiwa huko hautajwi vya kutosha katika mijadala yetu. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge zima jukumu la kuisimamia na kuishauri Serikali. Ibara ya 55 inasema mawaziri na manaibu wao wateuliwe miongoni mwa wabunge. Ukiziweka ibara hizo pamoja, unaona ugumu alio nao mbunge wa chama tawala: anayemhoji leo ni mwenzake wa kikao cha chama, na kesho huenda yeye mwenyewe akaitwa Ikulu kula kiapo. Wako walioushinda ugumu huo, na tunawaheshimu. Mwaka 2008 Harrison Mwakyembe aliongoza kamati teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond, iliyomfanya Edward Lowassa ajiuzulu uwaziri mkuu. Mwaka 2013 kamati iliyoongozwa na James Lembeli ilichunguza Operesheni Tokomeza, ya kupambana na ujangili, na mawaziri wanne wakaondoka. Katika sakata la Escrow la mwaka 2014, Zitto Kabwe aliiongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali (PAC) akiwa na marehemu Deo Filikunjombe wa CCM kama makamu wake, na taarifa yao kuhusu zaidi ya shilingi bilioni 300 za akaunti ya Tegeta ikamng'oa Mwanasheria Mkuu na mawaziri wawili.

Itazameni miaka hiyo vizuri. Ndiyo miaka ambayo upande wa pili wa ukumbi ulikuwa na wasemaji waliopangwa, kila mmoja na wizara yake. Aprili 2012 Zitto, wakati huo akiwa waziri kivuli wa fedha, alizungusha karatasi ya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu baada ya taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuanika ubadhirifu. Baadhi ya waliotia saini walikuwa wabunge wa CCM, Filikunjombe akiwa mmojawao. Hoja haikufika kwenye kura, kwani Mei Rais Kikwete alibadili Baraza la Mawaziri na mawaziri sita wakaachwa. Kwa maoni yetu, ujasiri wa wabunge wa CCM wa kipindi kile haukutokea hewani. Swali lilikuwa limeshaulizwa upande wa pili, limeshaandikwa magazetini, na mbunge wa chama tawala aliyekaa kimya ndiye aliyelazimika kujieleza kwa wapiga kura wake.

Kuanzia 2016 mambo yaligeuka. Januari mwaka huo Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena mijadala yote ya Bunge moja kwa moja. Mei, msemaji wa Kambi kwa Wizara ya Mambo ya Ndani, Godbless Lema, alitakiwa kuondoa sehemu za hotuba yake zilizogusa mkataba wa Lugumi, wa kufunga mashine za alama za vidole kwenye vituo vya polisi. Akakataa kuisoma. Wiki hizo hizo wapinzani walianza kutoka ukumbini kila Naibu Spika Tulia Ackson alipokalia kiti, siku nyingine wakiwa wameziba midomo. Hasira yao tunaielewa. Hata hivyo tunasema bila kuficha kwamba lile lilikuwa kosa kubwa. Bajeti ya kwanza ya awamu ya tano, iliyostahili kuchambuliwa kuliko nyingi zilizoitangulia, ilipita huku waliokabidhiwa kazi ya kuichambua wakiwa nje kwenye viwanja. Mawaziri hawakupungukiwa na chochote kwa wapinzani kutoka. Mwananchi alipungukiwa na majibu.

Tena kambi hiyo ilivuja. Mwita Waitara alihama CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, kwenda CCM mwaka 2018, na kabla mwaka haujaisha alikuwa naibu waziri TAMISEMI. David Silinde naye alifuata njia hiyo baadaye. Kuhama chama ni haki ya mtu. Lakini njia ya kutoka kuhoji wizara hadi kukaa kiti cha naibu waziri ikiwa fupi kiasi hicho, mkulima wa Bahi ana haki ya kujiuliza maswali ya jana yaliulizwa kwa ajili ya nani.

Na kuna gharama nyingine iliyolipwa hapa hapa mjini kwetu. Septemba 7, 2017, mchana, baada ya kikao cha Bunge, Tundu Lissu, mbunge wa Singida Mashariki na Mnadhimu Mkuu wa Kambi ya Upinzani, alimiminiwa risasi nje ya nyumba yake Area D. Hadi tunapoandika hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa shambulio lile. Mjadala wowote kuhusu ubora wa wasemaji wa upinzani usiolitaja jambo hili haujakamilika.

Uchaguzi wa 2020 uliiondoa Kambi Rasmi kabisa. Kanuni zinataka upinzani uwe na walau asilimia 12.5 ya wabunge wote ndipo kambi itambuliwe. Katika Bunge la wakati huo la wabunge 393, hiyo ilikuwa takriban wabunge 49. Hawakufika. PAC na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC) ziliendelea kuongozwa na wabunge wa viti maalumu wa CHADEMA, wale 19 ambao chama chenyewe kilikuwa kimewafukuza. Hao walifanya kazi ya kukagua hesabu za fedha zilizokwisha kutumika. Hotuba ya kumjibu waziri anapoomba fedha mpya ilitoweka. Oktoba 2025 CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi za kura, mwenyekiti wake, Lissu yule yule, akiwa mahabusu kwa shitaka la uhaini, katika uchaguzi ulioambatana na vifo na kuzimwa kwa intaneti.

Je, kuna kilichopotea? Tutoe mfano wa shambani. Mwaka 2021 Serikali ilihamasisha kwa nguvu kilimo cha alizeti, Singida na Dodoma zikiwa mstari wa mbele, na mbegu za ruzuku zikagawiwa. Watu walilima. Bei ya mafuta ya kula ilipopanda duniani, mafuta ya nje yakaingia kwa unafuu wa ushuru. Mwaka 2023 bei ya alizeti ikaporomoka, wakulima wakalia, na wenye mashine za kukamua pembeni mwa barabara ya Singida wakalia nao. Wizara ya Kilimo ilikuwa imesema limeni. Upande wa fedha ulikuwa umefungua mlango wa mafuta ya nje ili mlaji wa mjini apumue. Kila upande ulikuwa na sababu zake. Wabunge wa mikoa hii walipiga kelele, na walisikilizwa kwa kiasi fulani. Ila hapakuwa na mtu mwenye wajibu wa kusimama siku ambayo unafuu ule ulipendekezwa, alizeti ikiwa bado ardhini, na kuuliza kwa niaba ya Kambi nzima: mmemwambia nini mkulima mliyempa mbegu? Waziri kivuli wa kilimo angekuwa na hotuba ya mwaka uliopita mezani.

Au tuchukue maji. Bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, limetajwa katika hotuba za Wizara ya Maji mwaka baada ya mwaka, na mkoa huu una watu zaidi ya milioni 3 kwa sensa ya 2022. Mawaziri wamebadilika, makatibu wakuu wamebadilika, jina la bwawa halikubadilika. Kila waziri mpya analisoma kama ahadi yake mpya. Kuzipanga ahadi hizo zote mfululizo, tarehe kwa tarehe, kisha kumwekea waziri mbele yake Fungu 49, la Wizara ya Maji, linapofika Kamati ya Matumizi, ndiyo kazi hasa ya msemaji wa upinzani.

Watatokea wa kusema mbunge mmoja jasiri anatosha. Juni 2024 Luhaga Mpina, mbunge wa Kisesa kwa tiketi ya CCM, alimtuhumu Waziri wa Kilimo Hussein Bashe kusema uongo bungeni kuhusu vibali vya sukari, akapeleka alichokiita ushahidi kwa Spika, kisha akazungumza na vyombo vya habari. Bunge likamsimamisha vikao 15. Hatusemi Mpina alikuwa sahihi katika kila alichodai. Tunachosema ni kwamba suala la sukari liligeuka haraka kuwa suala la nidhamu ya Mpina, kwa kuwa alisimama peke yake, bila kiti kinachotambuliwa cha kumhoji waziri. Swali lile lile likisomwa na msemaji wa kambi lingekuwa sehemu ya ratiba ya siku.

ACT-Wazalendo ilijaribu kuliziba pengo hilo kutoka nje. Iliunda Baraza Kivuli lake, Dorothy Semu akiwa Waziri Mkuu Kivuli, na wasemaji wake wa kisekta wamekuwa wakichambua bajeti na taarifa za CAG. Ni kazi ya kupongezwa, na baadhi ya chambuzi hizo ni bora kuliko hotuba nyingi zilizowahi kusomwa bungeni. Tatizo ni kwamba waziri anaweza kuzipuuza. Mkutano na waandishi wa habari hauna Kamati ya Matumizi.

Pendekezo letu ni dogo, na tunaliweka mezani tukiwa na nia ya dhati. Kigezo cha asilimia 12.5 kiondolewe kama sharti la hotuba ya kumjibu waziri. Nchini Uganda, nafasi ya Kiongozi wa Upinzani hupewa chama cha upinzani chenye wabunge wengi zaidi, bila kuuliza wamefika asilimia ngapi. Sisi tunaweza kusema vivyo hivyo: wapinzani wakiwa kumi, wagawane wizara, msemaji mmoja abebe mbili au tatu, kila mmoja apewe muda wake baada ya mwenyekiti wa kamati, na ofisi yao ipewe watafiti wanaolipwa na Bunge. Hotuba ikipelekwa mezani isikatwe kwa sababu inamkera waziri. Tamko lisilo la kweli lijibiwe na waziri mwenyewe, kwa takwimu, siku ile ile. Hakuna haja ya kugusa Katiba wala kutafuta theluthi mbili. Ibara ya 89 inalipa Bunge mamlaka ya kutunga kanuni zake lenyewe, na kanuni hizo zimefanyiwa marekebisho mara nyingi. Spika, Kamati ya Kanuni na wingi wa kawaida wa wabunge wanatosha kulimaliza jambo hili kabla hotuba ya kwanza ya wizara haijasomwa Aprili.