Injinia wa Kupika Matokeo

Hapa shuleni kwetu mtu akipasi hisabati mara mbili tu huanza kuitwa "Injinia". Nami nimeitwa hivyo, na sikukataa! Lakini kwa mambo tunayoyafanya maabarani, sijui kama mwaka wa kwanza wa uhandisi tutauweza.

Twajuana. Siku ya majaribio ya fizikia mmoja hupima, watano hunakili, na grafu hutoka imenyooka kama rula. Mwalimu akikata alama kwa kukosa yuniti, tunanung'unika: "Ah, mwalimu, si namba ni ile ile?"

Si ile ile, jameni. Mnamo Julai 23, 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa na mafuta ikiwa futi 41,000 angani. Kanada wakati huo ilikuwa ikihama kutoka ratili kwenda kilo, na ndege hiyo mpya ilihesabu kwa kilo. Mita zake za mafuta zilikuwa zimeharibika, kwa hivyo watu walipiga hesabu kwa mkono. Walichukua lita wakazidisha kwa 1.77. Ukiangalia kule kuzidisha kwenyewe, utaweka tiki. Ila 1.77 ilikuwa ratili kwa lita. Kwa kilo ilitakiwa kama 0.8. Ndege ikaruka na mafuta yasiyofika nusu ya yaliyohitajika! Rubani aliiteremsha bila injini hata moja kwenye kiwanja cha zamani huko Gimli, na watu wote 69 wakatoka hai.

Waliopiga hesabu ile hawakuwa wajinga. Kilichokosekana ni neno moja dogo kando ya namba.

Kwa maoni yangu, anayetaka uhandisi aanze hapo. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi shahada hiyo huchukua miaka 5, na baada yake bado utafanya kazi chini ya wakubwa kabla Bodi ya Wahandisi haijakusajili kuwa mhandisi kamili. Muda wote huo utaandika ripoti ambazo mtu mwingine atazitegemea bila wewe kuwapo kumweleza. (Wale wanaosema insha ni ya watu wa historia, mnasikia?)

Muhula huu nilijaribu. Grafu yangu ya pendula ilipinda nikaiacha ilivyo, nikaandika chini yake kwamba uzi ulikuwa ukilegea. Nilipata 13 kwa 20. Jirani yangu, ambaye pendula yake hata haikubembea, alipata 18. Walimu wetu wapendwa, najua nanyi mnausoma ukurasa huu. Kwa heshima zote nauliza: muhula ujao nipime, au nipike?