Dinosaria wa Moroko anaitwa bata, wa kwetu anaitwa jenerali

Nilipotea kwa sababu nilikuwa nyumbani Masasi kwa TP, wiki nane za chaki na vumbi. Nimerudi chuo juzi, begi lenyewe bado halijafunguliwa, lakini kuna jambo linanikera toka nilipokuwa kule na leo nalitoa.

Nilipangiwa Bailojia kidato cha pili. Ijumaa moja, kipindi cha mwisho, watoto wamechoka, salfa inayopulizwa kwenye mikorosho inanukia mpaka darasani. Nikaona hapa nikiendelea na notsi nitafundisha madawati. Nikawaambia kuna dinosaria aliyepewa jina mwaka 2024 huko Moroko, anaitwa Minqaria bata.

Darasa zima likaamka. "Bata, mwalimu? Bata huyuhuyu?"

Huyuhuyu. Waliompa jina walichukua maneno ya Kiarabu: minqar ni mdomo wa ndege, na bata ni bata. Kuna kundi zima la dinosaria waliokuwa na mdomo mpana bapa kama wa bata, mbele hawana jino hata moja, ila huko nyuma ya taya wana mamia ya meno yaliyobanana ya kusagia majani. Marekani ya Kaskazini wamepatikana wengi, wengine wana urefu wa zaidi ya mita 10. Huyu wa Moroko alikuwa na kama mita tatu na nusu tu, na kilichopatikana ni sehemu za fuvu lake.

Mwenzake ana mabaki machache zaidi. Anaitwa Ajnabia odysseus, alitangazwa mwaka 2020, na mwili wake wote unaojulikana ni vipande vya taya na meno. Basi. Kijana mmoja akaguna, eti wanasayansi wanatudanganya, mtajuaje mnyama mzima kwa taya? Nikamwuliza, wewe ukiokota ganda la korosho njiani unahitaji kuuona mti? Meno ya kundi hili yamepangwa kivyake, ukiyaona umejua. Na Afrika wakati huo, miaka milioni 66 iliyopita, ilikuwa imezungukwa na bahari, kwa hiyo inaonekana wazee wake walivuka maji kuja. Ndiyo maana akaitwa ajnabi, yaani mgeni. Wazee wa pwani wanasema ajinabi mpaka leo.

Hapo ndipo binti mmoja wa nyuma, ambaye kwa wiki tano hakuwahi kunyoosha kidole, akauliza: "Mwalimu, na huku kwetu wapo?"

Jamani. Kilima cha Tendaguru kiko mkoa wa Lindi, jirani zetu kabisa, na ni moja ya sehemu maarufu duniani kwa mifupa ya dinosaria. Darasa la watoto zaidi ya 60, waliokuwa wamewahi kukisikia ni wawili. Kiingereza cha T. rex wanacho wote.

Nikamjibu: wenye mdomo wa bata hawajapatikana, maana mifupa ya Tendaguru ni ya miaka kama milioni 150, ya zamani zaidi. Ila ndugu yao wa mbali yupo, mla majani mdogo wa miguu miwili, aliyechimbwa Kindope karibu na kilima chenyewe. Jina? Dysalotosaurus lettowvorbecki. Alipewa mwaka 1919, na hilo la pili ni la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani huku kwetu katika Vita Kuu ya Kwanza.

"Kumbe ndiye aliyewachimba?"

Hakuchimba hata mmoja! Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 mpaka 1913, yeye alifika nchini Januari 1914. Alichofanya pande zetu kinajulikana: Novemba 1917 alipita Chiwata na Newala akikimbilia Ruvuma, na vita ile, ya pande zote mbili, ilikula wapagazi maelfu kwa maelfu. Halafu mnyama wetu ndiye akabebeshwa jina lake.

Waliochimba walikuwa watu weusi, mamia, wakabeba zaidi ya tani 200 za mifupa kichwani mpaka bandari ya Lindi. Yule mrefu wa zaidi ya mita 13 anayesimama Berlin toka 1937 alitoka mikononi mwao. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, na ilibidi tusubiri mpaka 2007 ndipo mnyama mmoja aitwe Australodocus bohetii. Mwaka 2019 ukaja Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, mmoja wa wafukuaji. Cauda ni mkia kwa Kilatini. Nilipomweleza bibi mzaa mama, Mmwera wa Nachingwea, alinitazama weee, kisha akasema: "Kwa hiyo huko chuo wanawafundisha kwamba sisi tuna mikia?" Nilichukua nusu saa kumtuliza.

Sasa hoja yangu. Jina la kisayansi likishatolewa sawasawa halifutwi kwa sababu limetuudhi, na habari ya kurudisha mifupa siiingii leo. Lakini darasani nani anatuzuia kuanza na Boheti na Keranje? Mtu aliyekuja kunikagua siku ile aliandika kwenye fomu "ametoka nje ya mada" na maksi zikaenda. Kwa upande mmoja namwelewa, mtihani wa taifa hauulizi Tendaguru, na muda ni mfupi. Ila mimi nilichokiona ni binti aliyekaa kimya wiki tano, na Jumatatu yake akaja na swali lingine: Keranje alikuwa na watoto? Sikuwa na jibu. Taya la ajnabi limepimwa kila upande, lakini mamia ya waliobeba mifupa hatuna hata majina.

Kwa hiyo naandika somo la kurasa mbili, kwa Kiswahili, nimpelekee yule binti na wenzake likizo ijayo. Kama wewe ni wa Lindi, Mtama au Nachingwea na kwenu kuna mzee aliyesimuliwa habari za kubeba mifupa kwenda bandarini, niandikie, hata kama ni sentensi moja. Ngoja niwahi kafteria, leo wali maharage na foleni yake naijua.