Faraja Si Kasumba: Kuzitetea Tungo Fupi

Imezoeleka katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili kuitazama faraja kwa jicho la shaka. Mkondo uliotamalaki katika miaka ya 1970 na 1980 ulitufunza kuuliza utungo unamtetea nani na unampinga nani. Swali hilo lilikuwa na manufaa yake. Hata hivyo, lilizaa dhana potovu kwamba utungo unaomliwaza msomaji unamlaza usingizi, na kwamba matumaini yasiyoandamana na wito wa mapambano ni kasumba. Tungo fupi ndizo zilizodhulumiwa zaidi, kwani beti mbili tatu hazina nafasi ya kuuchambua mfumo wa jamii. Utenzi ukapewa uzito wa historia, nao utungo mfupi ukaachiwa darasa la kuhesabu vina na mizani.

Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Tunashikilia kwamba faraja ya utungo mfupi hutokana na ufupi wenyewe, na kwamba faraja hiyo ni namna ya ukaidi.

Tuuchukue mfano ambao hata wapinzani wetu huutaja kwa heshima. Abdilatif Abdalla alihukumiwa kifungo cha miaka 3 mwaka wa 1969 kwa sababu ya waraka wake, *Kenya: Twendapi?* (1968). Gerezani alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za msalani, na tungo hizo zikachapishwa mwaka wa 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Diwani hiyo imehakikiwa mno kama ushahidi wa kisiasa. Ni mara chache tunapouliza tungo hizo zilimfanyia nini mtunzi wake.

“Mamba” ni shairi la beti chache tu. Mamba anajigamba mtoni kwamba hatakufa; mshairi anamkumbusha mauti. Hamna ahadi ya ukombozi humo, wala mwokozi anayetarajiwa. Kuna hoja moja tu, nayo inathibitishwa na fani. Mshororo huanza kwa kipande cha mizani 4, kikafuatwa na kipande cha mizani 8, na ubeti ukajifunga. Msomaji huonjeshwa ukomo kabla ya kuutafakari. Kama hoja hiyo ingetandazwa katika beti zaidi ya 1,000, kama zilivyo za *Utendi wa Tambuka*, ingegeuka mawaidha.

Hapa ndipo shutuma ya kasumba inapoporomoka. Kasumba humwambia mnyonge kwamba dhiki si dhiki. Shairi hili linakiri kwamba dhiki ni dhiki, kisha linaiwekea mpaka. Kauli ileile inayomfariji mfungwa ndiyo inayomtia mtawala hofu. Anayeitenganisha faraja na upinzani hajausoma utungo. Ameusoma msimamo wake mwenyewe.

Yamkini tutaambiwa kwamba kuyangoja mauti ya mamba si mapambano. Tunajibu kwamba mfungwa aliye peke yake hana maandamano ya kuongoza. Wajibu wake wa kwanza ni kutovunjika, na aliyevunjika hatoki na diwani.

Ufupi una nguvu nyingine ambayo karatasi haina. Karatasi hupekuliwa na askari wa gereza. Ubeti uliohifadhiwa moyoni haupekuliki. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka wa 1840, nyingi zikiwa za beti chache na hata ubeti mmoja, zilidumu vinywani mwa watu wa Mombasa hadi Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipozikusanya mwishoni mwa karne hiyo. Watu hawahifadhi kwa miongo kadhaa kitu kisichowafaa.

Kwa hivyo, hatuna budi kubadili maswali yetu. Mwanafunzi wa uzamili anayeorodhesha vina, mizani na bahari, kisha akaongeza aya ya “dhamira ya kisiasa”, hajafika kwenye utungo. Na aulizwe: ubeti huu unafungaje, na kufunga huko kunamwachia nini mtu aliye dhikini? Wahakiki wanaoliona swali hilo kuwa laini mno kwa taaluma yetu wana deni la kutueleza kwa nini watu walio katika hali ngumu kabisa ndio wanaoshikilia vitungo vifupi kuliko wote.