Haki ya Mtunzi na Haki ya Mkusanyaji

Kutunga kitabu ni kazi, na kuyapanga yaliyomo kitabuni ili yapatikane kwa wepesi ni kazi nyingine. Wengi huiheshimu ya kwanza na kuidharau ya pili. Wengine hutenda kinyume chake: wakishapanga maneno ya mtu, huyadhania kuwa yao. Yote mawili ni kukosa insafu.

Mwaka 2000 Steve Vander Ark, mkutubi wa shule katika jimbo la Michigan, Marekani, alianzisha katika intaneti ensaiklopidia ya riwaya za Harry Potter, zilizotungwa na Mwingereza J.K. Rowling. Wapenzi wenziwe wa riwaya hizo walijitolea kumsaidia. Wahusika, mahali, wanyama na maneno ya uchawi yalipangwa kwa alifabeti, na kuelekezwa msomaji yanakopatikana. Mwaka 2004 mtunzi mwenyewe aliisifu kazi hiyo hadharani, akaeleza kwamba aliwahi kuitumia kuhakikisha jambo alipokuwa akiandika mbali na nyumbani.

Madamu kazi ilisomwa bure, hapakuwa na ugomvi. Mwaka 2007 kampuni ndogo ya uchapishaji, RDR Books, ilipokusudia kuitoa kama kitabu cha kuuzwa, mtunzi pamoja na kampuni ya filamu ya Warner Bros. waliishitaki kampuni hiyo mjini New York. Rowling alieleza kwamba yeye naye alikusudia kuandika ensaiklopidia yake, na mapato yake kuyatoa kwa hisani.

Jaji Robert Patterson alitoa hukumu tarehe 8 Septemba 2008. Aliamuru kitabu kile kisichapishwe, na akaweka fidia ya dola 6,750, kwa kuwa kilinakili maneno ya mtunzi kupita kiasi cha haja. Hiyo ndiyo sehemu ya hukumu inayokumbukwa. Sehemu ya pili ina uzito usiopungua: jaji alikiri kwamba vitabu vya marejeo vina manufaa kwa wasomaji, na kwamba mtunzi hana milki ya kuwazuia watu wote wasiandike vitabu vya namna hiyo juu ya kazi yake. Mwezi Januari 2009 kitabu kikatoka, kikiwa kimerekebishwa.

Sisi tunaiona hukumu hii kuwa ya haki pande zote mbili. Maneno ni ya aliyeyatunga. Mpangilio, ulinganishaji na uchambuzi ni jasho la aliyekusanya. Hili si jambo geni. Ibn Mandhur, aliyefariki mwaka 1311, alikusanya kamusi kubwa ya Lisan al-Arab kutokana na vitabu vitano vya waliomtangulia. Katika dibaji yake alivitaja vitabu hivyo, na akasema waziwazi kwamba fadhila yake ni kukusanya kilichotawanyika. Hakujidai kuwa mtunzi wa asili, na hakuna aliyemdharau kwa hilo.

Na pande mbili hizi zikipatana, matunda yake huonekana. Elio García na Linda Antonsson, wakaazi wa Sweden, walikusanya kwa miaka mingi habari za riwaya za George R.R. Martin. Mtunzi huyo hakuwaburuta mahakamani, bali alishirikiana nao, na mwaka 2014 kitabu cha marejeo, The World of Ice & Fire, kikatoka kwa majina yao watatu.

Ipo, hata hivyo, haki ya tatu. Kesi ya New York ilikuwa baina ya wenye hakimiliki na mchapishaji. Fungu la wale waliojitolea halikuwa suala lililoamuliwa. Je, mtu aliyechangia bure kwa mapenzi, kazi ikiuzwa, jina lake liko wapi? Ridhaa yake iliombwa? Tunaamini kwamba kazi ya mikono mingi haifai kugeuzwa bidhaa kwa uamuzi wa mkono mmoja. Masharti yaandikwe siku ya kwanza, kabla fedha haijaonekana: nani atatajwa, nani ataulizwa, na mapato yatakwenda wapi.

Basi, ewe unayejitolea katika kazi ya jamaa, toa elimu yako kwa moyo mkunjufu, lakini ujue umeikabidhi kwa nani na kwa sharti gani. Nawe uliyekabidhiwa, kumbuka kuwa mlinzi wa ghala si mwenye mavuno.