Mseto wa Idodi na mseto wa Masaki

KUNA ugonjwa umewaingia vijana wa mjini, na huo si malaria. Simu inapigwa kutoka Idodi: mama ana homa, amepimwa zahanati, amekutwa na vijidudu, amepewa mseto. Badala ya kuuliza kama ameshameza, kijana anauliza, "Wamempa upi? Ule wa Mhindi?" Akiambiwa ndiyo, mbio hadi duka la dawa Kariakoo, ananunua boksi la jina kubwa kwa bei ya kuumiza, anamkabidhi kondakta wa basi la Iringa. Na mama anasubiri. Dawa ya zahanati iko mezani imefunikwa kawa, kwa sababu mwanangu kasema nisiiguse, ni kopi.

Malaria haisubiri basi. Tunawaambia vijana wa Idodi, Pawaga na kwingineko: mwambieni mama ameze ile aliyopewa, leo hii. Baada ya hapo ndipo tugombane, na tugombane na wanaostahili.

Kidonge cha mseto kina miligramu 20 za artemether na 120 za lumefantrine, boksi liwe la Novartis au la viwanda vya India kama Cipla, Ajanta na Ipca. Hata hiyo inayoitwa "ya Mzungu" imebuniwa na wanasayansi wa China, Mzungu akaja baadaye na jina na mtaji. Kiwanda cha pili kinapotaka kuuza dawa ile ile, hakiaminiwi kwa maneno. Watu hujitolea, humeza dawa hii na ile kwa nyakati tofauti, damu hutolewa kila baada ya saa kadhaa, na kiasi cha dawa kilichoingia mwilini hulinganishwa. Wajuaji wa vijiweni wanadai sheria inaruhusu kidonge kipunguzwe dawa kwa asilimia 20. Uongo. Zile namba za 80 na 125 ni mipaka ya hesabu ya vipimo vya damu, na ili hesabu nzima iingie ndani ya mipaka hiyo, wastani lazima ukaribie sana 100. Huko Marekani, nchi ya wenye majina makubwa, kiasi cha dawa 9 katika kila 10 zinazotolewa kwa cheti cha daktari ni hizi hizi mnazoziita kopi. Na vigogo wetu wanaopanda ndege kwenda kutibiwa India, mnadhani kule wanameza vya nani?

Basi, je, anayesema "nilimeza ile ya bei chee haikunisaidia" ni mwongo? Hapana. Hapo ndipo penye kazi.

Zipo dawa chache ambazo tofauti ndogo ni hatari: za kifafa kama phenytoin, za kuzuia damu kuganda kama warfarin. Huko Brisbane, Australia, mwishoni mwa miaka ya 1960, kiwanda kilibadilisha unga wa kujazia tu kwenye vidonge vya phenytoin, dawa yenyewe haikuguswa, na wagonjwa wakaanza kupepesuka kwa dawa kuzidi mwilini. Mwenye kifafa asibadilishiwe boksi kiholela. Akishatulia na la kiwanda kimoja abaki nalo, na likibadilika daktari ajue.

Mseto hauko kundi hilo. Wenyewe una maradhi yake mengine. Lumefantrine inataka mafuta ndipo iingie mwilini. Mgonjwa anayemeza na chai ya rangi hapati sawa na anayemeza na maziwa au chakula chenye karanga, hata kama boksi ni moja. Mtu mzima anatakiwa vidonge 24, vinne vinne mara sita kwa siku tatu. Wangapi wanaacha siku ya pili homa ikishuka, wakawawekea wengine vilivyobaki? Halafu lawama anabebeshwa Mhindi.

Kisha joto. Boksi limeandikwa lisiwekwe mahali penye joto linalozidi nyuzi 30. Anayetoka Iringa mjini na sweta akashuka Idodi, kwenye njia ya Hifadhi ya Ruaha, analivua kabla hajafika. Huko chini kwenye majaruba ya mpunga ndiko mbu waliko, na ndiko duka la dawa lina bati bila dari. Dawa iliyotoka kiwandani nzima inaweza kufika mdomoni imechoka. Na hilo boksi la jina kubwa mnalolituma? Nalo linapikwa ndani ya buti la basi.

Lakini tusiwabebeshe walalahoi kila kitu. Mwaka 2001 serikali iliiondoa klorokwini ikaiweka SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Mwaka 2003 watafiti wa Muhimbili wakachapisha vipimo vya vidonge vilivyochukuliwa kwa wauzaji wa jumla Dar es Salaam: zaidi ya theluthi ya sampuli za SP hazikuyeyuka inavyotakiwa. Kidonge kisichoyeyuka kinaingia na kutoka kama jiwe. Mwananchi aliyesema "hii haifanyi kazi" alikuwa na haki yake, ila hakuwa na maabara.

Mseto ulipoingia mwishoni mwa 2006 mambo yalikuwa nafuu. Uchunguzi wa mwaka 2010 katika maduka binafsi nchini, wenye sampuli zaidi ya 1,700, haukukuta mseto bandia hata mmoja. Hata hivyo, kiasi cha sampuli 12 katika kila 100 zilikuwa na dawa pungufu au iliyozidi. Bandia na mbovu ni vitu viwili, na mbovu inaweza kuvaa jina lolote. Bandia nayo tumeionja: mwaka 2012 dawa bandia za kupunguza makali ya UKIMWI zilikutwa hospitali ya wilaya ya Tarime, zikiwa zimepitia Bohari Kuu ya Dawa, na waziri akawasimamisha wakubwa wa Bohari.

Tuwape haki yao: mamlaka ya dawa, ikiitwa bado TFDA, mwaka 2018 ilikuwa ya kwanza Afrika kufikishwa ngazi ya tatu na Shirika la Afya Duniani. Tangu 2019 inaitwa TMDA. Sifa hiyo ni nzuri kuitundika ukutani Dar es Salaam. Kutoka Idodi, ofisi ya kanda iko Mbeya. Unapanda kwanza hadi Iringa mjini, kisha unashika njia ya Makambako. Mwenye duka anayejua umbali huo anaogopa nini?

Na muda haupo. Mkoani Kagera vimelea vyenye mabadiliko yanayodhoofisha nguvu ya artemisinin vimethibitishwa. Dawa pungufu na dozi nusu ndiyo shule yao. Siku wakihitimu na kushuka hadi Ruaha, boksi la Masaki na la Idodi yatakuwa sawa kweli kweli, yote yameshindwa.

Vifaa vipo. Maabara ndogo za kwenye sanduku zimetumika nchini kwa zaidi ya miaka 20, mipakani na mikoani. Tunachodai ni kwamba lifike Idodi wakati wa masika, siyo siku ya ziara ya waziri, vidonge vichukuliwe dukani na zahanati bila taarifa, na majibu yabandikwe kwenye mlango wa duka na wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, yakiwa na jina la kiwanda na namba ya toleo, yaliyofaulu na yaliyofeli, ili kijana akipiga simu kutoka Kariakoo kuuliza "ni upi?", mama amsomee.