Msanii anayesubiri Sabasaba ni sawa na mkulima asiye na ghala

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi kama katikati ya Julai, viwanja vya Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam hujaa watu. Wapo wanaouza matrekta, asali, viatu vya ngozi na mashine za kukamua alizeti. Pembeni, mara nyingi kwenye mabanda ya kuchangia, wapo pia wachoraji, wachongaji na wafinyanzi. Tunapita, tunasifu kazi zao, tunauliza bei, tunaondoka.

Ndugu msomaji, huenda ukajiuliza ukurasa wa kilimo na biashara unamtafutia nini mchoraji wa picha. Jibu langu ni kwamba mchoraji anayejitegemea, asiye na mshahara wala mfadhili, anaishi kwa kanuni zilezile za mkulima mdogo. Anawekeza leo na kuvuna baada ya miezi. Bei hapangi peke yake, ana msimu wa neema na msimu wa njaa, na hata madalali anao. Matatizo yake yakieleweka, mkulima wa nyanya wa Ilula na mama lishe wa Kariakoo nao watajiona humo.

Tuanze na kalenda. Soko kubwa la picha na vinyago hapa nchini ni watalii, na watalii huja kwa msimu. Hufurika kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati wa kiangazi, kisha huja tena Desemba hadi Februari. Kati ya Machi na Mei mvua za masika zinanyesha, barabara za mbugani zinaharibika na baadhi ya hoteli hufunga milango kwa ukarabati. Hiyo ndiyo miezi ambayo mkulima wa mikoa mingi naye yuko kwenye palizi, akiba ya ndani imepungua na mazao mapya hayajakomaa. Msanii na mkulima wanafunga mkanda mwezi mmoja.

Lakini hapo hapo kwenye masika ndipo msanii anapotakiwa kutumia fedha nyingi zaidi. Anayetaka kuwa na mali ya kutosha Sabasaba hawezi kuanza kuchora Juni. Lazima anunue turubai, mbao za fremu na rangi kuanzia Februari au Machi. Ni kama mkulima anayetafuta fedha ya mbegu na mbolea wakati debe la mahindi limeisha nyumbani.

Sasa tupige hesabu. Takwimu hizi ni za mfano, kila mmoja aweke za kwake. Tuseme picha moja ya ukubwa wa kati inatumia turubai na fremu za Sh12,000 na rangi za Sh8,000. Inauzwa Sh60,000. Wasanii wengi watakwambia faida ni Sh40,000. Si kweli. Picha hiyo imechukua siku tatu. Kama mtu huyo angekwenda kupaka rangi nyumba za watu angelipwa, tuseme, Sh15,000 kwa siku. Siku tatu ni Sh45,000. Ukijumlisha na vifaa vya Sh20,000, gharama halisi ni Sh65,000. Kwa hiyo ameuza kwa hasara ya Sh5,000, na hapo hatujagusa kodi ya chumba, umeme wala nauli.

Mkulima asicheke. Ni mkulima gani anayehesabu siku za mke wake na watoto wake shambani anapotaja bei ya gunia? Nguvu kazi ya familia tunaiona ya bure kwa sababu hailipwi mkononi. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya kazi miaka ishirini, akauza kila mwaka, na bado asione fedha imekwenda wapi.

Tuende kwenye maonesho yenyewe. Tuseme banda la kuchangia, usafirishaji, chakula na posho ya msaidizi kwa siku 16 vinagharimu Sh600,000. Bei ya picha pale imepanda kidogo, ni Sh80,000. Ukitoa gharama ya Sh65,000, kila picha inabakiza Sh15,000. Ili kurudisha ile Sh600,000 tu, bila faida yoyote, msanii lazima auze picha 40. Kuzichora picha 40 ni siku 120 za kazi, yaani miezi minne, na vifaa peke yake ni Sh800,000 zilizolala kwenye kuta za chumba chake tangu masika.

Tulinganishe na oda. Hoteli inataka picha 20 za vyumbani kwa bei ileile ya Sh80,000, jumla Sh1,600,000. Vifaa ni Sh400,000, siku 60 za kazi ni Sh900,000. Kinachobaki ni Sh300,000, na hakuna banda wala nauli ya kila siku. Mteja akitoa nusu ya fedha kama kianzio, vifaa vyote vinanunuliwa kwa fedha yake na msanii anabaki na Sh400,000 za kula wakati akichora. Kwa maneno mengine, nusu ya kazi ya Sabasaba imezaa Sh300,000, wakati kazi nzima ya Sabasaba imezaa sifuri.

Sisemi wasanii wasiende Sabasaba. Ninachosema ni kwamba wengi wanakwenda kwa lengo lisilo sahihi. Wanakwenda kuuza, wakati faida kubwa ya maonesho ni kutafuta wanunuzi wa miezi inayofuata. Msanii anayefunga banda akiwa amebakiwa na picha 15, lakini daftari lake lina majina na simu za wenye hoteli watatu, msanifu majengo mmoja na maduka mawili ya Arusha, amevuna kuliko yule aliyeuza zote kwa bei ya kutupa siku ya mwisho ili asirudi na mzigo. Faida ya maonesho ipimwe Desemba, kwa oda zilizotokana nayo.

Hiyo bei ya kutupa ya siku ya mwisho ina historia ndefu kwenye kilimo. Mkulima wa korosho alikuwa akiuza kwa kangomba kabla ya msimu kwa sababu ya shida. Ndiyo sababu mojawapo iliyoleta Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005, na mfumo huo ukaanza kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008. Mfumo una lawama zake na wakulima wamezisema, lakini wazo la msingi ni zuri: weka mali mahali salama, pata fedha kidogo ya kujikimu, uza bei ikiwa nzuri. Picha haiozi kama nyanya. Ikitunzwa vizuri mbali na unyevu na mchwa, inaweza kusubiri. Kinachomshinda msanii kusubiri ni tumbo.

Kwa hiyo namshauri msanii agawe mwaka wake kama mkulima mwenye mashamba matatu.

Shamba la kwanza ni la chakula, nalo ni oda. Hapa ndipo penye uhakika, kwa hiyo lipate siku nyingi zaidi. Lakini liwe na masharti: kianzio si chini ya nusu, makubaliano kwenye karatasi, tarehe ya kukabidhi na tarehe ya kulipwa malipo ya mwisho. Ajihadhari na mali kauli, ile ya kuacha picha dukani na kusubiri ziuzwe. Inaweza kufaa kwa picha chache zilizoandikishwa moja moja, siyo kwa mali yote. Na ajihadhari na lumbesa. Mkulima anajua gunia linaloshonewa kilemba juu. Kwa msanii lumbesa ni ile ya "niongezee na kadogo ka mapokezi".

Shamba la pili ni la biashara, nayo ni maonesho na magulio: Sabasaba, Nane Nane ya mkoa wake, masoko ya wikiendi yanayoandaliwa mijini, na yale maonesho ya wajasiriamali wa Afrika Mashariki, maarufu kama Juakali au Nguvu Kazi, yaliyoanza mwaka 1999 na ambayo huzunguka nchi wanachama. Achague mawili au matatu, siyo yote. Kila moja aliandalie bajeti kabla, na ajiulize: nikilipa hii, nitauza ngapi ili nirudishe?

Shamba la tatu ni la mbegu, nalo ni maonesho ya sanaa yenyewe, kwa mfano yale ya Nafasi Art Space, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2008, au kwenye vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani. Huko msanii asitegemee kula. Anakwenda na kazi mpya, ambayo hakuna aliyemuagiza, na watu wanamjua kwa jina lake. Mkulima anayekula mbegu yote anapona mwaka huu na kufa mwaka ujao. Msanii anayechora oda tu, twiga walewale na mlima uleule, ipo siku atajikuta akishindana na vijana 50 wanaochora kitu kilekile kwa nusu bei.

Jambo hilo si la kufikirika. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam. Akaanza kuchora kwa rangi za mafuta kwenye vipande vya silingibodi, picha zikauzwa Oysterbay, na alipofariki mwaka 1972 tayari alikuwa na wanafunzi. Mwaka 1990 warithi wa mtindo wake waliunda chama cha ushirika. Mtindo umewalisha watu wengi, na hilo ni jema. Lakini pita leo kwenye maduka ya vinyago kuanzia Mwenge hadi Unguja, utaona picha zinazofanana mpaka muuzaji mwenyewe hajui nani kachora. Mahali mali inapofanana, mnunuzi ndiye anayepanga bei. Wakulima wa nyanya wanalijua hilo kila msimu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha uliyoichora, hailindi mtindo. Kwa hiyo kusajili kazi COSOTA ni hatua nzuri dhidi ya mtu anayechapisha picha yako kwenye fulana bila ruhusa, lakini haitamzuia jirani kuchora twiga. Kinga ya kudumu ni kuwa na kitu ambacho mteja hawezi kukipata kwa jirani, na hicho hutoka kwenye lile shamba la mbegu.

Wapo watakaosema nawageuza wasanii kuwa wachuuzi, na kwamba sanaa haipimwi kwa daftari. Nawaheshimu, lakini mwenye nyumba anapokuja kudai kodi hapokei heshima. Msanii asiyejua gharama zake ndiye anayelazimika kuchora asichokipenda. Tena, viwango vya kodi ya mapato kwa wafanyabiashara wadogo, chini ya Sheria ya mwaka 2004, vimekuwa vikitofautisha wanaotunza kumbukumbu na wasiotunza. Daftari lina faida hata mbele ya TRA.

Tusisahau pia mwaka 2020. Watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000, kwa sababu ya ugonjwa wa corona. Msanii aliyekuwa na mteja wa aina moja tu alifunga. Aliyekuwa na oda za shule, kanisa, msikiti, ofisi au nyumba za Watanzania wenzake alipata pa kushika. Tunawaambia wakulima kila siku wasitegemee zao moja. Somo ni lilelile.

Lakini mzigo huu si wa msanii peke yake. Kwanza, waandaaji wa maonesho, kuanzia TanTrade hadi SIDO na halmashauri, wafikirie kukodisha meza kwa siku tatu au nne badala ya kumlazimisha mdogo kubeba gharama za wiki mbili. Pili, wakopeshaji, pamoja na halmashauri zinazotoa asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, wapange marejesho yafuate msimu. Kumdai msanii rejesho la Aprili ni sawa na kumdai mkulima mahindi yakiwa magotini. Mkopo ukitoka Februari, marejesho makubwa yawe Agosti na Septemba. Tatu, hoteli na ofisi za umma zinazoagiza kazi za sanaa zilipe kianzio, na zilipe salio kwa wakati. Kumcheleweshea mtu mdogo siku 90 ni kumkopa bila riba, na anayekopwa ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Kwa msanii mwenyewe, kazi ianze sasa wala isisubiri serikali. Nunua daftari la Sh2,000. Upande mmoja andika kila picha, siku ilizochukua na vifaa vyake. Upande wa pili andika jina na simu ya kila aliyewahi kununua, hata picha moja. Februari ikifika, kabla hujanunua turubai la Sabasaba, wapigie simu hao kwanza. Huenda wanane kati ya kumi wakasema hapana. Wale wawili wanaweza kukuvusha masika.