Mama Asiyezaa, Mama wa Wengi



Katika vikao vyetu husikika neno moja linalochoma: "Huyo atajua nini? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Husemwa juu ya mwalimu wa watoto kanisani, juu ya shangazi anayesomesha watoto wa kaka zake, hata juu ya muuguzi mwenzetu ambaye hakujaliwa mtoto. Sisi tunaohudumu wodi ya wazazi uchungu huo tunauona kila siku. Lakini tunajua pia kwamba uchungu wa kuzaa huisha kwa saa, na ule wa kulea huchukua miaka. Kwa hiyo mwezi huu tumependa tumkumbuke mwanamke ambaye hakuzaa, naye akaitwa mama na watu wengi.

Huyo ni Barbro Johansson, maarufu kwa jina la Mama Barbro. Alizaliwa Sweden mwaka 1912. Mwaka huo huo reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora, na ile njia ya misafara ya miguu, ya Bagamoyo hadi Ujiji, ikaanza kubaki historia. Mwaka 1946 alikuja Bukoba kama mwalimu wa misheni ya Kilutheri, na huko Kashasha akaongoza shule ya wasichana. Wakati ule wazazi wengi waliona kumsomesha binti ni kumwaga maji mchangani: atasoma, ataolewa, faida iende kwa watu wengine.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora na kukubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Uamuzi huo mgumu ulifungua mlango kwa Wazungu waliotaka uhuru wetu. Mama Barbro alikuwa mmoja wao, na mwaka 1959 akaingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Baada ya uhuru alichukua uraia wa nchi hii.

Katika miaka ya 1960 akawa mkuu wa Shule ya Sekondari ya Wasichana Tabora. Hebu fikirini safari ya mabinti wa siku zile. Wa Bukoba alipanda meli hadi Mwanza, kisha treni hadi Tabora. Mzazi alimkabidhi mwanawe kwa mtu asiyemjua, akarudi nyumbani kuomba. Tuliopita bweni tunajua kazi inayomkuta mkuu wa shule: nani ameamka na homa, nani amepata habari za msiba, nani anaogopa kurudi likizo kwa sababu mahari imekwisha pokelewa. Kama huo si umama, ni nini?

Baadaye alitumikia ubalozi wetu Stockholm. Alifariki Desemba 1999, miezi miwili hivi baada ya Mwalimu Nyerere, akiwa na miaka 87. Leo ipo Dar es Salaam sekondari ya wasichana yenye jina lake. Biblia nayo inamwita Debora mama katika Israeli, wala haitaji mtoto wake hata mmoja.

Sasa tuseme ukweli. Ndoa ikikosa mtoto, lawama humwangukia mke. Hospitalini tunajua kwamba tatizo laweza kuwa kwa mume, kwa mke au kwa wote wawili, na wote wawili wanapaswa kupimwa. Wifi na mama mkwe, tuache kuhesabu miezi ya mwanamke mwenzetu. Maneno yetu hayamtibu. Yanamfukuza kanisani na kumpeleka kwa waganga.

Na tuliojaliwa watoto, tusidhani kazi imekwisha. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu binti aliyeacha shule kwa ujauzito arudi masomoni baada ya kujifungua. Ruhusa ipo, lakini mtoto wake atabaki na nani? Nani atamnunulia sare ya pili, wakati baba amesema hana binti tena? Hapo ndipo anapohitajika mama mwingine, awe amezaa au hajazaa.

Ukifika Tabora utaiona miembe mikubwa ya enzi za misafara. Wengi walioipanda walikuwa wapita njia, na wanaokula embe leo si watoto wao wa tumbo.

Mwezi huu, mama mpendwa, mtafute binti mmoja wa jirani asiye na wa kumsemea. Muulize habari za shule, nenda naye kliniki kama anaogopa, zungumza na baba yake kwa upole. Na yule dada asiye na mtoto mwite kwenye kikao, umpe kiti cha mbele, usimwite jikoni tu.